Msimu wa korosho: tuangalie mikono na macho

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, familia nyingi za Mtwara, tangu Msimbati na Mahurunga hadi Newala, huamkia mikoroshoni. Jua ni kali, na kila mwenye mikono huokota: baba, mama, bibi na wajukuu. Zipo familia zisizopuliza dawa yoyote shambani. Huwaachia maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, kazi ya kuwinda wadudu wanaonyonya machipukizi. Ni jambo jema, maana hata vumbi la salfa huwasha macho na kifua. Lakini wapo wanaodhani kwamba shamba lisilotiwa dawa halina cha kudhuru. Korosho ina sumu yake yenyewe.

Pasua ganda la korosho mbichi, utaona vitundu kama sega la nyuki. Humo mna mafuta mazito yanayounguza ngozi. Ndiyo kinga ya mbegu. (Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wa embe nao huwababua watu wengine midomo.)

Ubaya wa mafuta haya ni kwamba mara nyingi hayaumi papo hapo. Mtu hubangua mchana, akalala salama, na kesho yake vidole vinawasha na kutoa malengelenge. Wakati huo ameshajifuta jasho usoni, amejikuna jicho, na pengine mama amemshika mtoto mchanga. Kwa hiyo kunawa kwa sabuni kuje kabla ya kumpakata mtoto, siyo baada ya kumnyonyesha.

Korosho za kula nyumbani tunazichoma, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Mafuta huwaka ghafla na kuruka. Chomea nje, simama upande upepo unakotoka, tumia kijiti kirefu, na watoto wakae mbali. Zikishawaka, zimwage mchangani zipoe. Unapobangua, jipake majivu au mafuta ya nazi viganjani. Maganda usiyafanye kuni za jikoni. Moshi wake ni mkali kwa macho na mapafu.

Mafuta yakikugusa, yafute kwa kitambaa bila kusugua, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Malengelenge usiyatumbue. Yakiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda zahanati siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto akiona njaa shambani, mpe bibo. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ila korosho yake itolewe kwanza kwa kuisokota kwa mkono. Watoto wengi huing'oa kwa meno, na ndivyo midomo inavyoungua.