Reki: Namna ya Kuichagua na Kuitumia

Wakulima wengi wa Mlimba na bonde zima la Kilombero walizoea jembe tangu utoto wao, lakini reki huidhania kuwa ni chombo cha kusafishia uwanja tu. Sivyo. Alimaye bustani ya mboga wakati wa kiangazi, mpunga ukiisha kuvunwa, ataona kuwa jembe peke yake halitoshi. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Ikifunikwa na dongoa haioti, na fedha iliyoinunua imepotea. Mimi mwenyewe nilipata hasara hiyo kwa uvivu wangu.

Kuichagua. Reki ni za namna mbili. Ile yenye meno membamba yaliyotandazwa kama mkia wa tausi ni ya kukusanya majani makavu, udongo hauiwezi. Ya bustani ni ile ya chuma, yenye meno mafupi ya nguvu. Kabla ya kuinunua, tikisa kichwa chake, kikilegea, iache. Kisha usimamishe mpini kando yako: ukifika kidevuni au kupita kidogo, wakufaa. Mpini mfupi huumiza mgongo.

Kuitumia. Kwanza lima kwa jembe, kwani reki si ya kuchimbia, meno yatapinda. Pili, ngoja udongo upungue maji. Udongo wa mfinyanzi ukichokolewa ungali tope hunata menoni, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Finyanga tonge mkononi. Likivunjika kwa kubonyezwa na kidole, wakati umefika. Tatu, vuta na kusukuma polepole, madongoa yavunjike na mizizi itoke. Mwisho geuza reki, meno yaelekee juu, ulainishe tuta kwa mgongo wake. Takataka usizichome moto. Zirundike pembeni zioze, ziwe mbolea.

Kuitunza. Usiilaze reki chini meno yakitazama juu. Mtoto akiyakanyaga atatoboka mguu, na mpini huweza kuinuka ukampiga usoni. Itundike, kisha uifute na kuipaka mafuta isishike kutu.

Asiye na fedha aweza kutoboa kipande cha mti mgumu, akapigilia vijiti vya mti huo huo viwe meno. Nayo itafanya kazi.

Basi umwonapo jirani ana matuta yaliyoota sawasawa, usiseme ana bahati. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.