Ukikatiza Lamotrijini, Usirudie Pale Ulipoishia

Kijitabu cha kaya yenye mgonjwa wa baipola

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mgonjwa anayemeza lamotrijini, na cha anayeishi naye: mke, mume, mama, dada, hata mtoto mkubwa anayeweza kusoma maandishi ya kwenye pakiti. Wenye kifafa wanaotumia dawa hii nao kinawahusu.

JAMBO KUBWA

Ukikaa siku tano au zaidi bila kumeza lamotrijini, usirudie dozi uliyokuwa unameza. Njoo kliniki uanzishwe upya.

KWA NINI

Kumbuka ulivyoanzishwa dawa. Hukupewa miligramu 200 siku ya kwanza. Kwa kawaida mtu huanza na 25 kwa wiki mbili, akapanda 50 kwa wiki mbili nyingine, kisha 100, ndipo wiki ya sita akafika 200. Anayetumia na valproeti hupandishwa polepole zaidi, tena huanza kwa kumeza siku moja na kuruka moja. Wengi hudhani siku zile daktari alikuwa anabania dawa. Hapana. Alikuwa anaupandisha mwili ngazi moja moja ili uzoee.

Ukikatiza siku tano, mwili umeshazishuka ngazi zote. Ukimeza 200 siku hiyo, hujaendelea na matibabu. Umeanza upya kwa dozi kubwa. Baadhi ya watu hutokwa na vipele vibaya, ngozi ikababuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Vipele hivyo huua.

KIJANA ALIYETOKA MSIBANI

Nilimhudumia kijana mmoja aliyekuwa ametulia kabisa, anafanya kazi, analala vizuri. Alifiwa na babu, akapanda basi usiku, vidonge vikabaki juu ya kabati. Alirudi siku ya tisa. Mama yake, kwa mapenzi tu, alimpa kidonge chake cha 200 na maji hata kabla hajavua viatu, na kesho yake akampa tena, na siku zote zilizofuata.

Wiki ya pili macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka. Wakadhani ni malaria na fangasi ya mdomo. Dawa ikaendelea. Walipofika kwetu, mgongo umejaa malengelenge na shuka imegandia ngozi. Alipona, baada ya wiki nyingi wodini. Mama aliniuliza, "Sasa mimi kosa langu nini, si ndiyo dozi yake mliyoandika?" Ndiyo, ilikuwa dozi yake. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya siku tisa haikuwa yake tena. Kwa ajili ya mama huyo nimeandika kijitabu hiki.

UMEKOSA SIKU NGAPI?

Umesahau asubuhi, umekumbuka mchana: meza. Umekumbuka wakati wa dozi inayofuata: meza hiyo moja tu. Usimeze mbili ili kufidia.

Umekosa siku mbili, tatu au nne: piga simu kliniki au uje, kabla ya kumeza. Anayetumia pia kabamazepini ahesabu siku tatu kama tano, kwa sababu kabamazepini huiondoa lamotrijini mwilini upesi.

Umekosa siku tano au zaidi: usimeze. Usirudie pale ulipoishia. Njoo na pakiti. Mwenye kifafa aje siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki, maana degedege linaweza kumrudia.

Hukumbuki: hesabu kwamba ni tano.

MANENO TUNAYOYASIKIA KILA WIKI

"Nilimeza nusu kwanza." Nusu ya 200 ni 100, na 100 ni mara nne ya dozi ya kuanzia. "Nimeitumia miaka mitatu, mwili umezoea." Mwili hausubiri, siku tano zinatosha kuusahaulisha miaka mitatu. "Dawa ziliisha kliniki, si kosa langu." Ni kweli, si kosa lako, na pole. Lakini ngozi haiulizi kosa la nani. Zikipatikana tena baada ya wiki, usirudie pale ulipoishia. "Niliombewa nikajiona nimepona, nikaacha." Omba, endelea kuomba, dawa haigombani na maombi. Ila ukirudi kwenye dawa, pitia kliniki kwanza. "Duka la dawa waliniuzia bila kuuliza." Muuzaji hajui umekosa siku ngapi. Unajua wewe.

Wala usiazime vidonge vya mgonjwa mwenzako.

VIPELE

Vipele vyovyote katika wiki nane za kwanza baada ya kuanza au kuanzishwa upya: acha dawa, uje hospitali siku hiyohiyo, usisubiri vikauke. Ukiona homa pamoja na vipele, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu yanayouma, uso kuvimba, malengelenge, au ngozi inayobabuka ukiigusa, njoo saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Usipake dawa ya meno. Usipake mafuta ya taa. Usipake majani. Usitumbue malengelenge. Usimpe mgonjwa dawa ya mzio kisha umpe tena lamotrijini. Funga nguo safi, chukua pakiti za dawa zote anazotumia, muondoke. Aliyewahi kupata vipele hivi asiguse lamotrijini mpaka daktari aseme.

WIKI ZA KUPANDA UPYA

Hizi ndizo wiki ngumu kwa familia. Dozi ni ndogo, ugonjwa unaweza kurudi kabla dawa haijashika. Mkimwona halali, anaongea bila kituo, anagawa pesa au anataka kuuza shamba, mleteni. Ipo dawa ya kumtuliza wakati lamotrijini inapanda. Msimwongezee lamotrijini nyumbani. Akinyamaza, akijifungia, akisema heri afe, asiachwe peke yake hata kidogo. Ficheni dawa na sumu za shambani, mumlete leo.

DAWA NYINGINE

Lithiamu: usifidie dozi kamwe. Ukitapika, ukiharisha, mikono ikitetemeka sana au ukipepesuka, usimeze tena. Njoo hospitali leo. Usinunue brufeni wala diklofenaki bila kuuliza.

Kabamazepini nayo huleta vipele vya hatari. Ukiikatiza, uliza kabla ya kuirudia.

Valproeti: mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari mapema, maana humdhuru mtoto tumboni.

VIDONGE VYA UZAZI WA MPANGO

Baadhi hupunguza nguvu ya lamotrijini, kwa hiyo tuambie unapoanza na unapoacha.

KABLA YA SAFARI

Weka vidonge vya siku saba kwenye mkoba unaoshika mkononi, si kwenye begi linaloingia buti ya basi. Kwenye jalada la kadi ya kliniki andika kwa kalamu: jina la dawa, miligramu, na tarehe ya kidonge cha mwisho ulichomeza. Tarehe hiyo ndiyo tutakayokuuliza kwanza ukifika mlangoni, na usipoweza kusema, aliyekusindikiza atatuonyesha kadi.