SOMO: KIPI KITOLEWE BURE, KIPI KILIPIWE ADA?



Chama chochote cha wakulima huwa na watu wa namna mbili mlangoni: mwanachama mwenye kulipa ada, na jirani atakaye kusikiliza kwanza. Wako wasemao huyu wa pili afukuzwe. Wako wasemao ada ifutwe, wote wawe sawa. Yote mawili ni hasara. Na tuyapime mambo manne.

1. Maarifa yalindayo jina la karafuu yatolewe bure. Karafuu hupaswa kuchumwa kabla ua halijachanua, ikachambuliwa, makonyo yakatengwa, kisha ikaanikwa juani bila kukawia. Ikilundikwa mbichi hupata moto na kuvunda. Gunia baya la jirani likichanganywa na yetu, mnunuzi hatauliza limetoka shamba la nani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Basi kumficha jirani somo hili ili tumlazimishe kulipa ada ni kujidhuru wenyewe.

2. Kitu kinachochakaa au kupungua kilipiwe. Majamvi, mizani, nafasi ya ghala na fedha za mkopo havimtoshi kila mtu. Vikitolewa bure, siku mawingu yakikusanyika mlipa ada atakuta majamvi yamekwisha chukuliwa. Mwaka wa pili halipi tena, na chama hakina cha kununulia mengine. Asiye mwanachama aweza kukodi, lakini baada ya wanachama, na kwa bei ya juu kidogo.

3. Kura isiuzwe. Mwenye shamba kubwa atumiaye ghala zaidi ni haki alipe zaidi, lakini kura yake ni moja. Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 watu 28 walifungua duka la ushirika kwa hisa ya pauni moja kila mtu. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, na faida aligawiwa kwa kadiri alivyonunua dukani. Baadaye watu wote waliruhusiwa kununua, lakini uamuzi ulibaki mikononi mwa wanachama.

4. Mlango usiwe mzito. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ada na ikusanywe wakati wa mavuno, na anayetaka alipe kidogo kidogo. Aliyekosa mwaka wa ukame wa mazao asifutwe jina papo hapo; ahesabiwe msikilizaji, bila kura wala mkopo, mpaka atakapolipa.

Kwa ufupi: kinachotudhuru sote jirani asipokijua, kitolewe bure, kinachopungua kikitumiwa, kilipiwe, na uamuzi uwe wa wanaobeba mzigo.

Maswali ya kuzungumzwa matawini:
(a) Tawi letu linatoa nini bure ambacho kingepaswa kulipiwa?
(b) Tunaficha nini ambacho kingepaswa kufundishwa kwa kila mkulima?
(c) Mwenye mikarafuu kumi ataiweza ada yetu mwaka wa mavuno haba?