Maana ya Kiwango cha Darasa katika Usomaji wa Mtoto: Mfano wa Machakos

Utangulizi

Mzazi wa Masinga anapoarifiwa kwamba mwanawe aliye Gredi ya 5 anasoma "katika kiwango cha Gredi ya 2", aghalabu huelewa jambo moja tu: mtoto amebaki nyuma kwa miaka mitatu na yamkini anafaa kurudishwa darasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa darasa, lakini hukumu huwa imekwisha kutolewa nyumbani, na pengine hata darasani. Makala haya yanadai kwamba kauli ya namna hiyo hueleza matini aliyopewa mtoto, lugha ya matini hiyo na namna alivyopimwa, zaidi ya inavyomweleza mtoto mwenyewe. Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa njia ya pekee, kwa kuwa wengi wao ndio watakaoandika matini hizo na kuketi na watoto kuwasikiliza wakizisoma.

Asili ya tarakimu

Viwango vinavyopatikana katika vitabu vya watoto kutoka Marekani vina asili zaidi ya moja, na mara nyingi asili hizo huchanganywa. Mojawapo ni fomyula ya kupima matini. Rudolf Flesch alitoa kanuni yake ya wepesi wa kusomeka mwaka 1948. Mwaka 1975, J. Peter Kincaid na wenzake waliigeuza ili itoe jibu kwa gredi, kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, lililotaka kujua iwapo askari wake wangeelewa vitabu vya mafunzo ya kazi. (Watoto hawakuwamo katika hesabu hiyo.) Fomyula yenyewe ni nyepesi: wastani wa maneno katika sentensi huzidishwa kwa 0.39, wastani wa silabi katika neno huzidishwa kwa 11.8, viwili hivyo hujumlishwa, kisha hutolewa 15.59.

Asili nyingine ni ulinganisho wa watoto kwa watoto. Mtoto wa darasa la 2 akipata alama ya 4.5, maana yake ni kwamba alifanya mtihani huo wa darasa la 2 kama ambavyo mtoto wa wastani aliye katika mwezi wa 5 wa darasa la 4 angeufanya. Haifuati kwamba anaweza kusoma kitabu cha darasa la 4, maana hakuwahi kupewa. Tena, kwa kuwa kipimo hicho kimejengwa juu ya mtoto wa katikati, takriban nusu ya watoto ambao kwao kilisanifiwa hawana budi kuwa chini yake, hata wangefundishwa vizuri namna gani.

Fomyula na mofolojia ya Kiswahili

Tuchukue sentensi "Mama anapika chakula." Ina maneno 3 na silabi 9, yaani silabi 3 kwa kila neno. Kwa fomyula ya Kincaid, 1.17 jumlisha 35.4 toa 15.59 ni takriban 21. Sentensi ambayo mtoto wa chekechea huitamka bila taabu inahukumiwa kuwa ngumu kuliko tasnifu ya uzamifu! Sentensi ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo, yenye maneno 4 na silabi 6, hupata 3.7 hivi. Kasoro haimo katika hesabu. Fomyula inachukulia kwamba neno refu ni neno gumu, ilhali katika Kiswahili urefu wa neno ni kazi ya kawaida ya viambishi.

Kuhesabu maneno katika sentensi nako hupotosha, safari hii kuelekea upande wa pili. "Juma na Musa na mama na baba wanakula wali na nyama" ina maneno 11 na haimsumbui mtu. "Asingalimwambia, wasingalikuja" ina maneno 2 tu, lakini msomaji lazima atambue ukanushi mara mbili, sharti lililopita, nafsi mbili na yambwa, tena kabla ya kufika kwenye kikomo. Atakayepima ugumu wa matini ya Kiswahili kwa watoto angefanya vyema kuanza na kitenzi: mofimu ngapi, ukanushi upo au haupo, urejeshi ni wa "amba-" au umefichwa ndani ya kitenzi. Fomyula ya Kincaid haina nafasi ya maswali hayo.

Ndiyo sababu viwango vya kasi vilivyowekwa nchini Kenya kwa madarasa ya chini, na vilivyotumiwa katika mradi wa Tusome ulioanza 2015, vilitofautisha lugha hizi mbili. Msomaji fasaha alitarajiwa kusoma maneno 45 sahihi kwa dakika kwa Kiswahili, na 65 kwa Kiingereza. Asiyejua mofolojia atadhani watoto wanaruhusiwa kuwa wazembe katika Kiswahili. Lakini "hatukuwaona" ni neno moja lenye silabi sita, na Kiingereza hulihitajia maneno matano.

Ngazi za Uwezo

Tathmini ya Uwezo, iliyoanza Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa India, ilichukua njia nyingine. Watoto wa miaka 6 hadi 16 walifuatwa nyumbani, wakapewa matini zinazopanda ngazi hadi aya na hadithi, na ngazi ya juu kabisa ilikuwa ya darasa la 2. Hapa ndipo kauli aliyoambiwa mzazi wa Masinga hupata maana. Mtoto wa darasa la 7 aliyesoma hadithi hiyo amethibitisha kwamba ameufikia usomaji wa darasa la 2. Kipimo hakikuwa na ngazi zaidi ya kumpandisha. Naye aliyekwama kwenye aya amekwama kwenye aya. Kusema "ana akili ya darasa la 1", kama isikikavyo mara nyingine, ni kuongeza jambo ambalo halikupimwa.

Masinga na Mlolongo

Kaunti ya Machakos inadhihirisha tatizo lililobaki, nalo ni lugha. Mlolongo na Athi River, zilizo katika barabara kuu ya Mombasa, zina watoto wanaocheza kwa Kiswahili na Sheng. Masinga, Mwala na Yatta zina watoto wengi wanaoingia shuleni na Kikamba. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya mwanzo, lakini kipimo cha Kiswahili huwafikia watoto wa pande zote mbili kikiwa kile kile.

Kikamba kina irabu saba, Kiswahili tano, hakina /r/. Mtoto akisoma "rangi" kama "langi", amesoma neno. Miongozo ya upimaji wa usomaji wa awali inataka tofauti za lafudhi zisihesabiwe kuwa kosa, lakini msikilizaji asiyejua Kikamba huenda akaandika kosa kila mstari. Jambo zito zaidi ni ufahamu. Tahajia ya Kiswahili inasomeka jinsi ilivyoandikwa, hivyo mtoto aliyejua silabi anaweza kutamka ukurasa mzima pasi na kuelewa. Kinyume chake pia hutokea. Katika vipimo vingi vya dakika moja, mtoto huulizwa maswali ya sehemu aliyofikia tu, na anayesoma polepole akielewa hukosa alama za maswali ambayo hakuulizwa.

Mradi wa PRIMR, uliotangulia Tusome, ulijaribu ufundishaji wa usomaji kwa Kikamba hapa Machakos na kwa Kibukusu kule Bungoma. Watoto waliofundishwa hivyo waliimarika katika kusoma lugha zao. Kwa Kiswahili na Kiingereza, hawakuwazidi kwa namna ya kutajika wenzao waliofundishwa kwa mbinu za mradi huo bila lugha ya mama. Matokeo hayo yamewavunja moyo baadhi ya watetezi wa lugha za kwanza, ingawa yangeweza kusomwa vingine: watoto hao walipata lugha ya tatu ya kusoma bila kupoteza zile mbili. Aliyepima Kiswahili peke yake asingaliona faida hiyo.

Taarifa inayomfaa mzazi basi ingekuwa ndefu kidogo kuliko tarakimu. Kwa mfano: "Alipewa hadithi ya Kiswahili ya Gredi ya 2. Alisoma maneno 31 sahihi kwa dakika moja. Alipoachwa amalize bila saa, alijibu maswali 4 kati ya 5, mawili kwa Kikamba. Alikwama kwenye vitenzi vyenye urejeshi."