Kazi ya kundi isifanywe na mmoja

Kama una kijana sekondari unayajua haya. Mwalimu anatoa kazi ya kundi kwa wanafunzi watano. Mmoja anakesha akiandika, wanne wanaongeza majina juu ya karatasi. Alama wanapata sawa. Aliyekesha amejifunza kuwa wenzake ni mzigo, na wale wanne wamejifunza kuwa jasho la mtu mwingine linaweza kuwafaulisha.

Sasa tunaambiwa dawa ni kompyuta na simu. Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Chombo peke yake hakiwafundishi watu kushirikiana. Wafungulie wanafunzi watano kundi la WhatsApp, kabla ya magharibi mazungumzo yatakuwa ya Simba na Yanga.

Mwaka 1971, mjini Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson alikuta madarasa ambamo watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, waliochanganywa karibuni, hawapatani. Hakuwahubiria. Aligawa somo vipande, kila mtoto katika kundi akapewa kipande chake akisome, kisha awafundishe wenzake. Bila yeye, kundi halipati somo lote. Hapakuwa na kompyuta hapo.

Vyombo vya leo vinaongeza nini basi? Kumbukumbu. Chukua Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano na ukurasa wa historia, unaoonesha akaunti gani imeandika nini, lini, na nini kimefutwa. Google Docs nayo ina historia ya namna hiyo. Kundi likipewa Kilwa Kisiwani, mmoja achukue biashara ya dhahabu ya Sofala, mwingine Msikiti Mkuu, wa tatu uvamizi wa Wareno mwaka 1505, wa nne ahakiki vyanzo. (Majina ya akaunti yasiwe majina yao halisi, mwalimu awe na orodha yake.) Mvivu hapati pa kujificha.

Hata hivyo historia hiyo huhesabu mabadiliko, haipimi akili. Aliyesahihisha nukta mara mia ataonekana hodari kuliko aliyeleta hoja moja nzito. Mwalimu lazima asome.

Na shule yenye kompyuta moja? Wakae wanne, mmoja ashike kipanya, mwingine asome kwa sauti, wa tatu aandike daftarini, wa nne apinge. Kila dakika kumi wabadilishane. Wakimaliza, mwalimu asimwulize aliyeshika kipanya. Amwulize aliyekaa mbali zaidi na skrini.