Mbona Mtoto Hajui Kama Ni Usiku?

Saa 8 usiku. Mtoto wa siku kumi analia, na Kojani nyumba ziko karibu karibu, kwa hiyo hata jirani wa ukuta wa pili kashaamka. Asubuhi watu wataulizana: ana nini yule mtoto? Chango? Jicho la mtu? Mara nyingi hana kitu. Yeye hajui tu kwamba ni usiku.

Labda unajiuliza, mimi mwanafunzi yananihusu nini haya? Yanakuhusu. Wanaume wengi wa Kojani ni wavuvi, na huenda dago: hufunga safari na nyavu zao wakakaa wiki kadhaa, hata miezi, huko Mafia, Tanga au pwani ya Kenya. Nyuma anabaki mzazi, bibi, na mara nyingi msichana wa sekondari anayebeba mtoto usiku na asubuhi ana mtihani wa Hesabu. Mzazi akikosa usingizi huchoka, na aliyechoka sana anaweza kusinzia na mtoto kifuani bila kujua. Kwa hiyo hebu tujifunze usingizi wa mtoto mchanga unavyokwenda.

Saa iliyo ndani ya mwili

Kila mtu ana saa ndani ya ubongo wake. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga: jua likitoka inasema amka, giza likiingia mwili unatoa homoni iitwayo melatonini, nawe unasikia usingizi. Mtoto mchanga huzaliwa na saa hiyo, lakini haijaanza kwenda sawasawa. Huchukua kiasi cha miezi miwili au mitatu mpaka mwili wake utoe melatonini kwa mpango wa usiku na mchana.

Mtoto wa Kojani atalielewa jambo hili upesi kuliko mtoto wa mjini. Maji ya bahari hayafuati saa ya ukutani. Leo yakijaa saa 4 asubuhi, kesho yatajaa karibu dakika 50 baadaye, na wewe unayesubiri kuvuka unayafuata yanavyotaka. Basi wapo watoto ambao usingizi wao wa wiki za mwanzo nao hujongea mbele kidogo kidogo kila siku, kama maji. Hakuna aliyemharibu. Saa yake bado haijalishika jua.

Tena tumbo lake ni dogo. Siku za mwanzo hubeba vijiko vichache tu vya maziwa, kwa hiyo anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana. Kwa jumla hulala saa 14 hadi 17, lakini vipande vipande. Mtoto wa wiki mbili anayelala usiku kucha bila kunyonya si mtoto mzuri wa kusifiwa. Ni wa kuamshwa anyonye.

Amelala au ameamka?

Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima huchukua kama dakika 90. Wa mtoto mchanga ni kama dakika 50, na karibu nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi: macho yanacheza chini ya kope, anakunja uso, anatabasamu, anaguna. Wapo wasemao anacheka na malaika. Usingizi huo ulitangazwa kisayansi mwaka 1953 huko Chicago na Eugene Aserinsky pamoja na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, na Aserinsky alianza kwa kuangalia macho ya watoto wachanga waliolala.

Faida yake kwako? Mtoto akiguna usiku, usimnyakue pale pale. Subiri kidogo, sikiliza. Pengine hajaamka, ni wewe unayetaka kumwamsha. Akianza kutafuta ziwa kwa mdomo au kunyonya vidole, basi ana njaa kweli. Apewe kabla hajafika kulia.

Kumfundisha mchana na usiku

Mtoto wa wiki mbili halazimishwi ratiba. Lakini mnaweza kumwonyesha tofauti tangu mwanzo, na kuanzia wiki ya sita hivi mtaanza kuona matunda. Asubuhi fungueni dirisha, mwanga uingie, hata kama mzazi yumo ndani ya arubaini yake. Mchana msinong'one: watu wazungumze, vyombo vilie, mtoto achekewe akinyonya.

Jioni mambo yabadilike, na yawe yale yale kila siku. Tuseme baada ya Isha: taa ipunguzwe, mtoto aogeshwe maji ya uvuguvugu au apanguswe, avishwe nguo nyepesi, anyonye, abembelezwe kwa wimbo ule ule wa bibi, alazwe. Si lazima iwe saa ile ile kwa dakika. Mfuatano ndio unaomwambia mtoto kwamba usiku umeingia. Akiamka usiku wa manane anyonyeshwe kwenye mwanga hafifu, bila mazungumzo wala kumulikwa na simu. Na jambo la kupendeza: maziwa ya mama ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Yaani mama anamnyonyesha mtoto saa yake mwenyewe.

Mchana mtoto akilala, mzazi naye alale. Hapa ndipo kaka na dada mnapotakiwa, kuchota maji na kuosha vyombo. Na wewe kijana wa kiume usijifiche nyuma ya nyavu; kuosha nepi hakuhitaji ziwa.

Alale vipi?

Alale chali, kila usingizi. Zamani madaktari wa Ulaya na Marekani waliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi. Ilipogundulika kwamba ulalo huo unaongeza vifo vya ghafla vya usingizini, Uingereza ilianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Kubadilisha ulalo tu, bila dawa!

Pa kulala pawe pagumu kidogo na pa sawa. Godoro la sufi lililobonyea, mto, na rundo la kanga karibu na uso vinaweza kumziba pumzi. Ndani ya chandarua, ndiyo. Katikati ya watoto wanne kwenye kitanda kimoja, hapana. Mkaa au moshi usiachwe chumbani kilichofungwa. Joto letu nalo linatosha, hana haja ya blanketi: mguse kifua, kikiwa na jasho mpunguzie nguo.

Asipewe dawa ya mafua wala ya kikohozi ili alale. Ati inamtuliza! Dawa hizo zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto mchanga. Maji ya sukari nayo yanajaza tumbo nafasi ya maziwa.

Kuna usingizi ambao ni ugonjwa. Mtoto akiwa mlegevu na haamki kunyonya, akiwa na joto la 37.5 au zaidi au akiwa baridi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea, akishikwa na degedege, au viganja na nyayo zikiwa za manjano, asisubiriwe mpaka baba arudi dago wala mpaka kupambazuke. Apelekwe kituo cha afya saa ile ile, awe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, huku akijaribiwa kunyonyeshwa njiani.

Zoezi

Kama nyumbani kwenu au kwa jirani kuna mtoto mchanga, omba ruhusa ya mama yake. Chora mistari 7, kila mmoja una vyumba 24. Kila saa mtoto aliyolala, ipake rangi. Aliponyonya, weka nukta. Rudia akiwa na wiki 6, kisha wiki 12. Bandikeni michoro mitatu ukutani darasani na mjadili: rangi imehamia wapi? Na nani nyumbani alikuwa macho katika vyumba visivyo na rangi?