MADA YA 7: KUPUNGUZA MUDA WA TRENI ZA MIZIGO KUSUBIRI WAKATI WA KUPAKIA NA KUPAKUA – MFANO WA RELI YA TANGA

Malengo. Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza maana ya mzunguko wa behewa;
(b) kutaja sababu zinazofanya mabehewa yakae muda mrefu katika njia za kando;
(c) kupendekeza njia za kupunguza muda huo na kutoa mifano;
(d) kukokotoa idadi ya mabehewa yanayohitajika.

1. Utangulizi

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge nchini. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mruazi kiliiunganisha na Reli ya Kati, hivyo behewa likaweza kutoka Dar es Salaam hadi Tanga au Moshi bila kubadilisha reli.

Baadaye usafiri katika reli hii ulidorora, na kwa miaka mingi mizigo ya kaskazini ilibebwa na malori. Treni za mizigo zilirejea hadi Moshi mwaka 2019, na mwaka 2020 treni ikafika tena Arusha. Sasa jiulize: reli ikishafufuliwa, ni nini kitakachomfanya mwenye kiwanda aache lori na kurudi kwenye treni? Wanafunzi wengi hujibu, "Treni ziongezwe mwendo." Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Mada hii itakuonyesha kwa nini.

2. Maneno ya kukumbuka

*Njia ya kando* ni reli inayochepuka kutoka reli kuu na kuingia kiwandani, ghalani au bandarini, ili behewa lipakiwe bila kuziba njia ya treni nyingine.

*Mzunguko wa behewa* ni muda wote tangu behewa linapoanza kupakiwa hadi linaporudi tupu na kuwa tayari kupakiwa tena. Una sehemu nne: kupakia, safari ya kwenda, kupakua, na safari ya kurudi. Muda wa kusubiri kabla ya kupakia au kupakua nao huhesabiwa humo.

3. Mfano wa hesabu

Tuchukulie kiwanda cha saruji kilichopo Pongwe kinataka kutuma mabehewa 20 kila siku kwenda Moshi. (Takwimu hizi ni za zoezi tu.) Kupakia pamoja na kusubiri huchukua siku 2, safari ya kwenda siku 1, kupakua pamoja na kusubiri siku 2, kurudi siku 1.

Mzunguko = 2 + 1 + 2 + 1 = siku 6
Mabehewa yanayohitajika = 20 × 6 = 120

*Hatua ya kwanza: tuongeze mwendo mara mbili.* Kila safari sasa ni nusu siku.
Mzunguko = 2 + ½ + 2 + ½ = siku 5. Mabehewa = 20 × 5 = 100

*Hatua ya pili: tuache mwendo ulivyokuwa, tupunguze kupakia na kupakua hadi siku 1 kila upande.*
Mzunguko = 1 + 1 + 1 + 1 = siku 4. Mabehewa = 20 × 4 = 80

Umeona? Hatua ya pili imeokoa mabehewa 40, na ya kwanza 20 tu. Shirika likibaki na mabehewa yote 120, kwa mzunguko wa siku 4 litaweza kutuma 120 ÷ 4 = mabehewa 30 kwa siku. Kila behewa likibeba tani 40, mzigo umepanda kutoka tani 800 hadi tani 1,200 kwa siku bila kununua hata behewa moja.

4. Sababu za mabehewa kusubiri

(i) *Mzigo haujawa tayari.* Behewa linafika, mifuko bado iko kwenye mashine.
(ii) *Njia ya kando ni fupi.* Treni hukatwa vipande na kuingizwa kidogokidogo, huku injini ikienda na kurudi.
(iii) *Kupakia kwa mabega.* Makuli hubeba mfuko mmojammoja, na mvua ikinyesha kazi husimama.
(iv) *Nyaraka na mizani.* Behewa limejaa, lakini hati ya mzigo haijasainiwa.
(v) *Behewa kufanywa ghala.* Mpokeaji asiye na nafasi ghalani huacha mzigo ndani ya behewa.
(vi) *Reli ya njia moja.* Treni hupishana stesheni tu. Iliyochelewa kutoka kiwandani huchelewesha na nyingine zilizo mbele ya safari.

5. Njia za kupunguza muda huo

(i) *Kuandaa mzigo mapema.* Mkonge wa Tanga ni mfano mzuri. Singa hushindiliwa kuwa marobota huko huko shambani, hivyo treni hupokea mzigo uliokwisha kufungwa.
(ii) *Kuacha mabehewa na kuchukua mengine.* Injini huacha mabehewa matupu, huchukua yaliyojaa na kuondoka. Haisubiri upakiaji.
(iii) *Kutumia mashine* kama foklifti, kreni na mikanda ya kusafirishia.
(iv) *Kurefusha njia ya kando* ipokee treni nzima kwa mara moja.
(v) *Kumpa taarifa mpokeaji* kabla treni haijafika, ili wapakuaji na ghala viwe tayari.
(vi) *Kutoza ada* kwa kila siku behewa linapozuiwa kupita muda uliokubaliwa.
(vii) *Kupunguza hatua za kushika mzigo.* Kabla ya bandari ya Tanga kupanuliwa, meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na mzigo kuletwa kwa matishari. Kina kilipoongezwa na gati kuboreshwa, meli zikaweza kufunga gatini, na hatua moja ikaondoka.

Tahadhari. Haraka isiyo na mpango ina hasara. Behewa lililozidishiwa uzito au lililopakiwa upande mmoja linaweza kuacha reli. Ajali moja katika reli ya njia moja hufunga safari zote, na saa zilizookolewa zitapotea mara nyingi zaidi. Kupima uzito kusirukwe kamwe.

6. Kidokezo cha mtihani

Swali likisema "Eleza", usitaje hoja tu. Andika hoja, sababu yake na mfano. Linganisha:
*Jibu dhaifu:* "Watumie mashine."
*Jibu zuri:* "Foklifti hubeba mifuko mingi kwa mara moja, hivyo behewa hujazwa kwa saa chache na kuondoka mapema, kwa mfano katika kiwanda cha saruji."

7. Maswali ya kujipima

1. Taja sehemu nne za mzunguko wa behewa. (alama 4)
2. Kampuni hutuma mabehewa 15 kwa siku. Mzunguko ukipungua kutoka siku 8 hadi siku 5, ni mabehewa mangapi yataokolewa? (alama 4)
3. "Behewa si ghala." Jadili kauli hii kwa hoja tatu. (alama 9)

*Jibu la swali la 2:* (15 × 8) – (15 × 5) = 120 – 75 = mabehewa 45.